Kura Mbele za Bwana

Masomo: Hesabu 26:52-56, Yoshua 18 na 19, Matendo ya Mitume 1:15-26

  

Leo tunataka kusema juu ya kugawa. Kugawa kitu kinachotosha wote si kazi ngumu. Hata mtoto anaweza. Lakini nafasi zikiwa kumi na watu arobaini, hapo ndipo moyo wa mtumishi wa Mungu unaonekana wazi. Tutaanza na toba yetu wenyewe, kwa sababu si vizuri kumfundisha jirani kufagia huku mlango wetu una takataka.

Mwaka uliopita, mbele ya masomo kufunguliwa, kanisa letu lilipata msaada wa kulipia watoto kumi minervali ya sekondari. Mnajua hali yetu. Tangu mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba shule zake za msingi ni bure, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mtoto akimaliza msingi, mzazi anarudi kutafuta pesa, na wengi hawazipati. Kwa nafasi zile kumi tulipokea maombi 43.

Sisi wa komite tulikaa ofisini, tukafunga mlango, tukaomba, tukaandika majina. Hakuna aliyeleta bahasha. Hakuna aliyesema, "Mwekeni mtoto wangu." Lakini kila mmoja wetu alimfahamu mtoto fulani, akamsemea vizuri, na wenzake wakanyamaza kwa heshima. Tulipobandika majina mlangoni, washirika walihesabu wenyewe: watoto sita kati ya kumi walitoka katika nyumba za wazee, mashemasi na viongozi wa kwaya. Wote walikuwa na shida kweli. Lakini wale 33 walioachwa walikuwa na shida pia, na tofauti yao na hawa sita ni kwamba hawakuwa na mtu ndani ya chumba kile.

Mama mmoja mjane, anayeuza unga sokoni, alikuja kwetu baada ya ibada. Hakupiga kelele. Alisema: "Watumishi, mimi sina hasira na Mungu kwa sababu ya mtoto wangu. Ninyi hamkumpa Mungu nafasi ya kusema." Kisha akaenda. Neno hilo lilitunyima usingizi, na ndilo lililotupeleka katika Maandiko ya leo.

Kura tunayosema ni ipi?

Hapa kwetu mtu akisikia "kura" anafikiri uchaguzi, wino kwenye kidole, na kelele za wanasiasa. Kura ya Biblia ni nyingine. Ni ile ambayo mjini watu wanaita tiraji: majina yanawekwa pamoja, na moja linatoka bila mtu kulichagua. Mithali 16:33 inatufundisha kwamba mwanadamu anaitupa kura, lakini hukumu yake inatoka kwa Bwana. Na Mithali 18:18 inasema kwamba kura inamaliza mashindano na kuwatenga wenye nguvu wanaogombana. Angalieni vizuri: hata wenye nguvu! Mbele ya kura, mkubwa hana mkono mrefu kuliko mdogo.

Fungueni 1 Mambo ya Nyakati, sura ya 24 mpaka ya 26. Daudi alipopanga zamu za makuhani, waimbaji na walinzi wa malango, walipiga kura. Maandiko yanakaza kwamba nyumba ya mkubwa na ya ndugu mdogo zilitendewa sawasawa, na mwalimu sawa na mwanafunzi wake. Zamu ya nane ilimwangukia Abiya. Miaka mingi ikapita, vizazi vikapita. Kisha Luka sura ya 1 inatuonyesha mzee mmoja wa zamu ile ile ya Abiya, jina lake Zakaria. Kura ikamwangukia aingie hekaluni kufukiza uvumba, na ndani akamkuta malaika. Kama makuhani wa siku ile wangechagua kwa kujuana, nani angemfikiria mzee huyu asiye na mtoto, ambaye watu walimhesabu mkewe kuwa na aibu? Haleluya!

Tujifunze kwa Yoshua

Wapendwa, twende Shilo. Makabila saba yalikuwa bado hayajapata urithi. Yoshua hakuwaita wazee wachache kukata nchi usiku. Alifanya mambo ambayo kila komite ya kanisa inafaa kuyashika.

Jambo la kwanza: kupima kulitangulia kura. Watu watatu kutoka kila kabila walitumwa waizunguke nchi, waiandike katika kitabu, mafungu saba. Hakuna kabila lililokosa macho yake katika kazi ile. Na waliopima hawakujua fungu lipi litakuwa lao. Wewe mama unayegawa ugali nyumbani, unajua siri hii: anayekata akiwa wa mwisho kuchagua, anakata sawasawa. Asiyejua lake atalinda la kila mtu.

Jambo la pili: haja ilihesabiwa. Katika Hesabu sura ya 26, Mungu alimwambia Musa mambo mawili pamoja: nchi igawiwe kwa kura, na kabila kubwa lipewe urithi mkubwa, dogo lipewe mdogo. Wengine wanaona kama maneno haya yanapingana. Hayapingani. Kura haikuja kufuta akili. Nesi akipokea mtu anayetoka damu na mwingine mwenye kikohozi, hatapiga kura nani aingie kwanza! Kura ni kwa ajili ya walio sawa, au walio karibu sawa, baada ya sisi kupima tofauti tunazoweza kuziona kwa haki.

Jambo la tatu: ilifanyika mbele ya watu na mbele za Bwana. Yoshua 19:51 inasema walikuwa mlangoni pa hema ya kukutania. Kura ya ofisini, mlango umefungwa, halafu jioni majina yanatangazwa, hiyo ni orodha iliyovaa nguo za kura.

Jambo la nne: baada ya kura, upendo uliendelea. Fungu la Yuda lilionekana kuwa kubwa kupita haja yao, na wana wa Simeoni wakapata urithi wao ndani yake. Soma 19:9. Yuda hawakusema, "Ni Mungu aliyetupa, msituguse." Na kiongozi je? Yoshua alipokea mji wake mwishoni kabisa, nchi yote ilipokwisha kugawanywa. Sisi wa komite tulipofika kwenye shairi lile tulinyamaza. Yoshua alikula wa mwisho. Sisi tulikuwa tumeonja chungu kabla hakijaiva.

Lakini sisi tuna Roho Mtakatifu!

Tunajua swali lililo mioyoni mwa wengi. Mpentekoste atasema: "Kura ilikuwa mbele ya Matendo sura ya 2. Baada ya Pentekoste tunaongozwa na Roho. Na Mathiya yule, hatusikii habari zake tena."

Tujibu kwa upole. Kweli, Mathiya alichaguliwa siku chache mbele ya Roho kushuka. Lakini Matendo 6:2, baada ya Pentekoste, inasema juu ya wale Thenashara. Kumi na mmoja wakiongezwa Mathiya ni kumi na wawili. Roho alipokuja hakumwondoa katika hesabu.

Tena tazameni walivyofanya. Petro hakuweka ndani ya kura majina yote 120 ya waliokuwepo. Kwanza aliweka sharti: awe mtu aliyefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana mpaka Bwana alipochukuliwa juu. Wakapatikana wawili, Yusufu na Mathiya. Wakaomba. Kisha, kwa sababu ushuhuda wa wote wawili ulikuwa mzuri, wakaacha Bwana aamue.

Na hiyo Matendo sura ya 6 inasema juu ya nini? Ni juu ya wajane waliosahauliwa katika mgawo wa kila siku! Kanisa lililojaa Roho, lenye miujiza na maelfu ya waliookoka, lilikuwa na manung'uniko juu ya chakula. Mitume hawakusema, "Hawa wamama wana roho ya uasi." Walikubali kwamba kuna kosa, wakawaambia ndugu wachague watu saba wenye kushuhudiwa mema, wamejaa Roho na hekima. Hapo hawakupiga kura, na walifanya vema. Kumchagua mweka hazina kwa kura, wakati mmoja anajulikana kuwa mwaminifu na mwingine anajulikana kula pesa, hiyo ni kukimbia kazi tuliyopewa. Roho anatupa kutambua watu. Lakini Roho huyo huyo anatuonya katika Yakobo sura ya 2 tusimpe mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na maskini tukamweka chini. Basi, kama hatuna sababu ya haki ya kumtanguliza mtoto huyu kuliko yule, kusema "Roho ametuongoza" ni kuliweka jina la Mungu juu ya mapenzi yetu. Tulifanya hivyo. Tunatubu.

Msichanganye

Tuna maonyo matatu, hasa kwa vijana.

Kwanza, kura hii si mchezo wa bahati. Katika kubeti unatoa pesa ukitumaini kuchukua ya wenzako, na mwenye duka anachukua ya wote. Katika kura ya haki hakuna anayelipa ili jina lake liingie. Siku mtu akikuuzia karatasi ya kuingia, au akikuambia, "Toa kidogo, jina lako litatoka," jua kwamba kura imekwisha kufa hapo.

Pili, kura haisafishi kitu kilichoibiwa. Askari pale msalabani walipiga kura juu ya vazi la Bwana, Yohana 19:24. Walifuata utaratibu, kila mmoja alikuwa na nafasi sawa. Lakini vazi halikuwa lao! Watu wakigawana kwa kura shamba la jirani aliyekimbia vita, wajue wamesimama karibu na askari wale.

Tatu, kura si uaguzi. Usiandike majina ya wasichana wawili kwenye karatasi ili ujue utamwoa nani. Ndugu zetu Wamoravian wa Ulaya, katika karne ya 18, waliitumia kura kwa mambo mengi, hata ndoa za washirika. Walikuwa watu wa maombi, na moto wao wa kuhubiri Injili ulifika mbali. Lakini jambo la ndoa lililemea watu, na katika mwaka 1818 sinodi yao ikaamua kwamba washirika wa kawaida hawatafungwa nalo tena. Mungu alikupa akili, wazazi, na mchungaji wa kushauriana naye.

Mambo haya si mageni kwetu

Wamama, ninyi mlijua jambo hili kabla yetu. Katika likelemba zenu nyingi, siku ya kuanza mnaandika namba kwenye vikaratasi, mnavikunja, kila mmoja anachukua chake. Aliyepata moja anakula kwanza, aliyepata kumi na mbili anangoja. Hakuna anayenuna, kwa sababu wote waliona. Na tumeona jambo zuri zaidi: mwenye namba ya pili, akisikia kwamba mwenzake ana mgonjwa, anabadilishana naye. Hilo ndilo tulilosoma juu ya Yuda na Simeoni.

Wengi wenu mliona pia kazi za barabara ambazo watu wanaita THIMO. Vijana waliojiandikisha walikuwa wengi kuliko kazi, na tiraji ikafanyika mchana, mbele ya watu. Waliokosa walihuzunika, ndiyo. Lakini ni afadhali kurudi nyumbani na huzuni kuliko kurudi na huzuni pamoja na jina la mtu wa kumchukia.

Hapo ndipo tunaona faida kubwa ya kura. Mwenye orodha ana kitu cha kuuza. Hata kama hauzi kwa pesa, anauza kwa salamu, kwa kuku, kwa kusifiwa, kwa kuogopwa. Kura inamwondolea biashara hiyo. Inamwokoa na yeye mwenyewe, kwa sababu hata kesho hakuna jirani atakayemwuliza, "Kwa nini mtoto wangu ulimwacha?"

Tulivyofanya mwaka huu

Mwaka huu nafasi zilikuwa kumi tena. Tulitangaza masharti kwa Jumapili tatu: mtoto awe amemaliza msingi, na nyumba yake iwe haiwezi kulipa. Wamama wawili, wababa wawili na kijana mmoja, wote wasio na mtoto katika maombi, walitembelea kila nyumba. Majina 38 yakabaki. Kanisa lote likakubali kwamba yatima wa baba na mama aandikwe kwenye karatasi mbili, na wengine moja moja. Akitoka mara mbili, ile ya pili inawekwa kando na nyingine inatolewa. Watoto wa wazee na wa mashemasi waliingia kama wengine, karatasi moja.

Siku yenyewe, baada ya ibada, karatasi zote zilikatwa sawa, zikasomwa kwa sauti moja baada ya nyingine, zikakunjwa, zikawekwa ndani ya bidoni iliyokatwa juu. Tuliomba. Mtoto mdogo wa shule ya Jumapili akafungwa macho kwa kitambaa, akaingiza mkono. Kila jina lilipotoka kanisa lilipiga makofi.

Tutawaambia kweli yote. Mtoto wa mchungaji hakutoka. Na mtoto wa yule mama mjane, aliyeomba tena mwaka huu, hakutoka pia. Tulimtazama mama huyo tukiogopa. Alikaa kimya kidogo, kisha akasimama, akaenda kumsalimia mama wa mtoto wa kumi. Kesho yake tulimtembelea. Hatukumletea maneno ya kusema kwamba Mungu hampendi mtoto wake au kwamba imani yake ni ndogo. Asihubiri mtu maneno hayo! Kura inatuonyesha nani apokee nafasi hii leo. Haituonyeshi nani anapendwa na Mungu. Yusufu, aliyebaki wakati Mathiya alipochukuliwa, hakuwa adui wa Bwana. Mama alituambia: "Safari hii niliona kwa macho yangu. Lakini mtoto yuko nyumbani."

Mtoto yuko nyumbani. Wapendwa, kura haiongezi mkate. Inatuzuia tusiibiane mkate mdogo tulio nao, basi. Watoto 28 waliobaki wanatuuliza kama sisi ni Yuda mwenye fungu kubwa. Je, hakuna kati yetu mwenye zaidi ya haja yake? Kwa hiyo kanisa letu limeanza sadaka ya Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kwa ajili ya mtoto wa kumi na moja, na wa kumi na mbili, kama Bwana atakavyotuwezesha. Sadaka inahesabiwa mbele ya wote, na jina litatoka katika bidoni ile ile.

Wewe unayetusikia, labda wewe ndiwe mwenye orodha: ya jetoni za msaada, ya zamu ya maji kwenye bomba, ya viwanja, ya vitanda vya wageni kwenye konferanse. Kabla ya kuandika jina la kwanza, jiulize: Nina sababu gani ambayo ninaweza kuisema kwa sauti mbele ya aliyekosa? Kama unayo, iseme, waisikie wote. Kama huna, kata karatasi sawasawa, ita watu, uweke mikono yako mbali.

Tuombe.

Baba yetu uliye mbinguni, wewe huna upendeleo. Utusamehe sisi tuliogawa kwa kujuana tukakusingizia wewe. Uwaponye waliokaa nje ya mlango tuliofunga. Uwape waliopata moyo wa kushukuru bila kujivuna, na waliokosa moyo wa kungoja bila uchungu. Ufungue mikono ya wenye zaidi. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Mungu awabariki, na amani ya Bwana ikae nanyi.